Kuitikia wito wa Mungu: tunajifunza nini kwa Apolo na jembe lake?

Neno "wito" tunalisikia mara nyingi kanisani na redioni. Mtu husimama akasema, "Mungu ameniita." Lakini baada ya kuitwa, anatakiwa afanye nini? Na atajuaje kwamba aliyemwita ni Mungu, si tamaa yake mwenyewe au maneno ya watu? Leo tunalieleza jambo hili kwa kumtazama mtu mmoja wa ukanda wetu wa Maziwa Makuu, Apolo Kivebulaya.

Apolo alizaliwa Buganda, yapata mwaka 1864. Aliwahi kuwa askari kabla ya kuwa mwalimu wa Injili. Alibatizwa mwaka 1895, na mwishoni mwa mwaka 1896 akatumwa Mboga, ng'ambo ya mto Semliki, mahali ambapo leo ni mashariki ya Kongo.

Wito ulikuja na jembe

Apolo hakuwa wa kwanza kwenda Mboga. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka, na sababu mojawapo ilikuwa njaa. Chifu Tabaro hakupendezwa na mafundisho yao, na chakula kikawa shida. Apolo alilijua hilo kabla ya kuondoka. Kwa hiyo alikwenda na jembe, ili alime na kula jasho lake.

Hapo tunaona jambo la kwanza. Kutii si kufumba macho na kusema Mungu atajua. Kumwamini Mungu hakukumzuia Apolo kujiandaa, na jembe lake halikupunguza imani yake. Alimtegemea Mungu, na shamba akalilima.

Alirudi alikoteswa

Mboga hakukuwa na raha. Tabaro aliamuru apigwe, na nyumba aliyoijenga ikachomwa moto. Kisha dada wa chifu alianguka juu ya mkuki akafa, na Apolo akasingiziwa kwamba ndiye aliyesababisha kifo hicho. Alipelekwa Fort Portal, upande wa Uganda, akafungwa gerezani. Baadaye alisimulia kwamba humo gerezani alimwona Yesu katika maono, akamtia moyo asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye.

Alipoachiwa huru, angeweza kurudi kwao Buganda na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo. Mtesaji akawa ndugu.

Jambo la pili ni hilo. Utii haupimwi siku ya kuitwa, wakati moyo unawaka. Unapimwa siku mambo yanapoharibika. Wengi wetu tuna jambo tuliloliacha njiani baada ya kuvunjwa moyo: kwaya, darasa la watoto, au jirani tuliyesema tutapatana naye.

Tunaupimaje wito?

Hapa tuwe waangalifu, maana watu wengine wameumizwa kwa jina la wito. Mtu huambiwa auze shamba au aache familia yake kwa kuwa "Mungu amesema." Biblia inatupa vipimo.

Kwanza, tusikimbilie kuamua peke yetu. Kijana Samweli aliitwa, na mara tatu alidhani ni mzee Eli anayemwita. Eli ndiye aliyemsaidia kuelewa kwamba ni Bwana (1 Samweli 3). Ukihisi unaitwa, zungumza na mtu mzima katika imani ambaye hana faida yoyote katika uamuzi wako.

Pili, wito haupingani na amri za Mungu. Yesu aliwakemea watu waliotumia sadaka kama kisingizio cha kutowatunza wazazi wao (Marko 7). Wito unaowaacha watoto bila chakula unapaswa kuulizwa maswali mengi.

Tatu, tazama nani anayebeba gharama. Apolo aliibeba mwenyewe: jembe, viboko na gereza. Anayejiita mtumishi huku gharama zote zikibebwa na wafuasi wake maskini, huyo apimwe vizuri.

Tukishaupima na kuuona ni wa kweli, tusikawie. Yona aliisikia sauti akapanda merikebu kuelekea kwingine. Mwisho wake alifika Ninawi vilevile, ila baada ya dhoruba na tumbo la samaki.

Mpaka kaburini

Apolo alipewa ukasisi mwaka 1903. Kuanzia mwaka 1921 aliingia katika msitu mkubwa wa Kongo kuwahubiria Wambuti, watu ambao wengine waliwadharau. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, kwa sababu huko ndiko msitu ulikokuwa na huko ndiko kazi ilikobaki. Kanisa la Anglikana la Kongo lina mizizi yake katika kazi hiyo.

Ndugu msikilizaji, huenda Mboga yako haiko mbali. Labda ni nyumba ya jirani mgonjwa, au deni ulilokana, au ndugu uliyemnunia tangu msiba wa mwaka jana. Ikiwa umeshajua unalotakiwa kufanya, usingoje sauti nyingine. Chukua jembe, uanze leo.