Bahari Iliyo Mlangoni: Mandhari ya Kisiwa cha Mvita na Haki ya Kuyaona

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuitiisha bahari, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na sahaba zake. Amma baad.

Kila likizo ya shule inapobisha hodi, swali huwa moja katika majumba yetu: watoto tuwapeleke wapi? Wengi hudhani kwamba matembezi ni jambo la wenye mifuko mizito, na wasio nazo huwaacha watoto wao na simu mkononi mpaka shule zifunguliwe. Hali watu wa bara husafiri karibu kilomita 500 kutoka Nairobi kuja kukitazama kisiwa hiki tunachokikanyaga kila siku bila kukiona. Wapo akina mama wa Mji wa Kale ambao bahari iko hatua mia moja kutoka mlangoni mwao, na mwezi hupita, na mwingine ukapita, wasiitie machoni.

Hilo si jambo dogo. Katika Suratul Ghashiya tumehimizwa kuangalia mbingu zilivyoinuliwa, majabali yalivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Kutazama huko ni mlango wa ibada, na sisi tumejengewa nyumba zetu juu ya mlango wenyewe. Lakini kuna sababu ya pili ya kuandika makala haya: mahali pasipoendewa na wenyewe hupotea. Kichochoro cha kushukia pwani ambacho hakuna apitaye, mara hujaa taka, mara huzibwa, na kizazi kijacho hakitajua kwamba palikuwa na njia.

Natuanze na jiwe lenyewe. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokua chini ya maji takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Kisha bahari ikapanda tena na kuyafurika mabonde mawili ya mito, moja kila upande, ndipo kipande cha katikati kikawa kisiwa. Bonde la kaskazini ndilo hori la Tudor, ambalo mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji yake humo hata leo. La kusini ndilo lililotupa Kilindini, jina lililotokana na kilindi, yaani maji marefu. Mwanao akiuliza kwa nini jiwe la ukuta wa nyumba ya babu lina matundu na alama kama za maua, mwambie: hiki kilikuwa kiumbe hai baharini.

Kituo cha kwanza kiwe Mji wa Kale, kwenye bandari ya zamani. Hapa ndipo majahazi yalipotia nanga tangu enzi za mababu, yakija na kaskazi na kurejea na kusi. Zipo Ngazi za Leven, zinazoshuka kwenye mwamba mpaka majini. Zimeitwa kwa jina la manowari ya Kapteni Owen wa Uingereza, aliyeiweka Mombasa chini ya himaya ya nchi yake kwa ombi la Wamazrui mwaka 1824, himaya iliyodumu mpaka 1826 tu. Ukisimama juu ya ngazi hizo asubuhi, utaona maji ya mlango wa bahari yalivyo membamba, na ng'ambo yake pwani ya Nyali. Ndipo mtu huelewa kwa nini kila mwenye merikebu aliutamani mji huu.

Si mbali na hapo upo Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570, na kisima chake ng'ambo ya njia. Kisima hicho nacho ni sehemu ya mandhari. Maji ya mvua hupenya katika mwamba wenye matundu, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, hukaa juu yake kisiwani. Ibn Battuta alipolala hapa usiku mmoja mwaka 1331, aliandika kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao iliyojengwa imara, kwamba milangoni pake palikuwa na visima, na kwamba watu waliosha miguu kabla ya kuingia. Aliwasifu watu wa Mombasa kwa uchaji na wema. Mtoto akisimama kando ya kisima hicho na kusimuliwa habari hiyo, atajua kwamba usafi na dini havikuja kisiwani jana.

Kituo cha pili ni Ngomeni. Wareno waliijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Disemba 1698 walipoitwaa. Mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Lakini mimi nawaomba msiishie kwenye mizinga na vyombo vya makumbusho. Pandeni juu ya kuta upande wa bahari, muitazame njia ya majahazi. Chini ya maji hayo ilizama merikebu ya Kireno, Santo Antonio de Tanna, mwaka 1697, ilipokuwa imekuja kuwaokoa waliozingirwa. Kisha tazameni mwamba chini ya ngome. Mawimbi yameula kwa karne nyingi, hata katika miaka ya karibuni ikabidi ujengwe ukuta wa kuyazuia yasiifikie misingi. Ngome iliyoshinda mizinga ilikuwa ikishindwa na maji taratibu, na katika hilo kuna mazingatio.

Kutoka Ngomeni ufuo hauandamiki moja kwa moja kwa miguu. Mtapita Kizingo kwa barabara mpaka Ras Serani, penye mnara wa taa, na hapo ndipo bahari kuu inapofunguka mbele yenu. Hiki ndicho kituo cha tatu, Mama Ngina, ambacho familia nyingi hukijua kwa mihogo, viazi vya karai na madafu ya siku za Idi. Pwani hii ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na sherehe za Mashujaa za kitaifa zikafanyika hapo Oktoba 20 mwaka huo. Yapo magofu ya boma dogo la Wareno, ipo mibuyu minene, na yapo magenge ya mwamba ambayo wimbi huyapiga likarusha povu juu.

Meli kubwa ziendazo Kilindini hupita karibu hapo, kiasi cha mtoto kuweza kusoma majina yake. Muulizeni: kwa nini meli hupita hapa tu? Jibu ni kwamba mwamba unaozunguka pwani umekatika mbele ya mahori, kwa kuwa matumbawe hayapendi maji ya mito yenye tope, na penye pengo ndipo penye mlango. Waendao baada ya Alfajiri huliona jua likichomoza baharini. Waendao alasiri wachukue mkeka, na Magharibi ikiwafikia, wasipate taabu ya kutafuta kibla. Makka iko takriban kaskazi kamili ya Mombasa, na ndiyo maana wazee wetu waliuita upande wa kaskazini kibla. Ukiwa Mama Ngina, ipe bahari kuu mgongo, nawe uko karibu kabisa na usawa wake.

Kituo cha nne hakina watu wengi: nguzo ya Mbaraki, upande wa kusini magharibi mwa kisiwa. Ni nguzo ya mawe ya matumbawe, tupu ndani, na kando yake ipo misingi ya msikiti wa karne ya 15. Kwa muda mrefu watu wamepaendea kwa ubani na marashi wakitaraji haja zao kwa pepo. Mzazi asiogope kuwapeleka watoto, ila awafundishe kwa upole: mahali hapa paliswaliwa, Mungu mmoja akaabudiwa, na haja huombwa kwa Mwenye kuzikidhi. Kuyajua magofu ni elimu; kuyaomba ni jambo jingine.

Kituo cha tano ni ufuo wa Tudor, nyuma ya kisiwa, pasipo mawimbi. Hapa ni mahali pa mikoko: mkoko wenyewe kwa mizizi yake ya miguu ya buibui, mchu kwa vijiti vinavyochomoza matopeni, na mkandaa ambao gome lake lilitiwa ngozi rangi. Mizizi hiyo huushika udongo usichukuliwe na maji, na samaki wadogo hujificha humo mpaka wakue. Upande huu ndio wenye magharibi wazi zaidi, na familia inayotaka kuwafundisha watoto kuutafuta mwezi mwandamo jioni ya siku ya 29 haitapata darasa bora.

Sasa neno la tahadhari, nalo ni la lazima kuliko yote. Bahari ina saa zake, na kalenda yetu ya Hijria ndiyo ufunguo wake. Mwezi unapoandama na unapokamilika, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15, pamoja na siku mbili tatu za baadaye, huwa ni bamvua. Maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri, na hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Karibu na tarehe 8 na 22 huwa ni maji mafu: hujaa asubuhi na kupwa alasiri, wala hayaendi mbali. Kila siku ipitayo, saa hizo husogea mbele takriban dakika 50.

Basi mwenye kutaka kuona mwamba ulivyochimbwa na vijidimbwi vyenye kaa na samaki aende asubuhi ya bamvua, na aondoke maji yanapogeuka. Mwenye watoto wadogo achague alasiri ya maji mafu. Na wakati wa kusi, tangu Aprili mpaka Septemba, watu wasikae ukingoni kabisa. Magenge ya Mama Ngina yameliwa chini: unachokikanyaga chaweza kuwa kipaa kisicho na nguzo. Mtoto wa kisiwa asiyefundishwa haya huifahamu bahari siku ya msiba. Kumzuia nyumbani hakumlindi, maana ipo siku atakwenda na wenzake. Kumfundisha ndiko kunakomlinda.

Mwisho, haki. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamebainisha kwamba njia ya watu wote haimilikiwi na mmoja, wala haijengwi kitu chenye kuwadhuru wapitao. Nasi sote tumefunzwa tangu chuoni kwamba kuondosha udhia njiani ni katika tanzu za imani. Kushukia pwani kwa Mji wa Kale ni njia. Ngazi zilizochongwa mwambani ni njia. Tukizigeuza majaa, sisi ndio wenye kuweka udhia. Na likija jengo la kuziba, tutakosa la kusema, kwani tutaambiwa hapakuwa na apitaye.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila nyumba ichague siku moja kila mwezi, kwa tarehe za Hijria, iende kwenye kituo kimojawapo, mama na mabinti wakiwa mbele ya safari wala si wenye kubakia na vyombo. Kila familia irudi na taka zake na za jirani mfuko mmoja. Na wazee wanaozijua njia za pwani kwa majina, wawatajie wajukuu wakiwa wamesimama juu yake, ili siku njia itakapoulizwa, awepo wa kuitolea ushahidi.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye kuona na nyoyo zenye kushukuru, na awahifadhi watoto wetu nchi kavu na baharini. Amin.