Dawa za ugonjwa wa akili: kwa nini usiziache ghafla

Mtu aliyekuwa akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii ameanza dawa na ametulia. Analala, analima, anaongea na watu. Siku moja anasema, "Nimepona, na hizi dawa zinanichosha." Anaziacha siku hiyohiyo. Hatari huanzia hapo.

Tusimlaumu. Dawa kama haloperido na kloropromazini zina maudhi yake. Mwili hukakamaa, mikono hutetemeka, usingizi huwa mzito. Wengine hawawezi kukaa mahali pamoja, miguu inataka kutembea tu. Lakini maudhi mengi yana tiba. Mweleze daktari au muuguzi. Anaweza kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza kidonge cha kuondoa mkakamao.

Ubongo uliozoea dawa husumbuka dawa ikikatwa ghafla. Katika siku za kwanza mtu anaweza kukosa usingizi, kutoka jasho, kusikia kichefuchefu na kujaa wasiwasi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi hurudi baadaye, baada ya wiki au miezi, wakati familia imeshaamini kwamba mambo ni shwari. Kwa anayechomwa sindano ya kila mwezi, dawa hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, hivyo dalili zinaweza kuchelewa zaidi.

Je, dawa hizi zinaweza kuachwa? Wapo wanaoacha, na wapo wanaohitaji kuendelea kwa miaka mingi. Uamuzi huo ufanywe na mgonjwa pamoja na mtaalamu. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa miezi, huku mgonjwa akiangaliwa.

Katika kipindi hicho, ndugu mmoja awe karibu. Akiona usingizi umepotea usiku mbili au tatu mfululizo, au mgonjwa ameanza kushuku watu na kuongea peke yake, warudi kliniki mapema. Pombe na bangi ziepukwe. Na kama dawa zinakaribia kuisha nyumbani, fuata nyingine kabla ya kidonge cha mwisho.

Kwa anayetumia dawa hizi, usisubiri kesho ukiona shingo imepinda, taya zimekaza, au ana homa kali pamoja na mwili mgumu na kuchanganyikiwa. Mpeleke hospitali mara moja.

Anayesema dawa zinamchosha anasema kweli. Tumsikilize, kisha tumsindikize kliniki.