Mfarishi wa Sikukuu na Gome la Mutuba

Mvua za mwisho wa mwaka zinapoinyeshea Kampala, mwezi wa Oktoba na Novemba, baridi ya alfajiri hupenya katika nyumba za mlima wa Kasubi, na blanketi moja haliwatoshi watoto watatu wanaolala kitanda kimoja. Hayo ndiyo majira ambayo mama wa nyumbani hulifungua furushi lake la vipande: magauni yaliyochanika, mashati ya shule yaliyokwisha kubana, mabaki ya vitenge yaliyoombwa kwa fundi cherehani. Akianza kushona mfarishi wakati huo, Krismasi itamkuta amekwisha maliza.

Mfarishi una matabaka matatu. Juu ni vipande vilivyoungwa, kati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni marekani. Kwa kitanda cha kawaida vipande hukatwa mraba wa sentimeta 22. Mshono ukila sentimeta moja kila upande, hubaki 20. Vipande saba kwa upana na 10 kwa urefu, yaani 70, hutoa mfarishi wa sentimeta 140 kwa 200. Nguo zote hazina budi kufuliwa kabla ya kukatwa, nyekundu peke yake, maana kipande kimoja kinachochuja rangi huharibu kazi ya mwezi mzima.

Rangi ndizo zinazoutambulisha msimu. Nyekundu na kijani humfaa anayengoja Krismasi. Nyeupe na kijani hupendeza nyumba inayosherehekea Idi. Kwa tarehe 9 Oktoba, siku Uganda ilipopata Uhuru mwaka 1962, mistari ya nyeusi, njano na nyekundu yatosha. Bendera yenyewe isikatwe wala isilaliwe.

Lakini Kasubi ina kitambaa chake ambacho ni kikongwe kuliko pamba ya dukani. Katika mlima huo Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Hata leo makabaka wanne wamelala hapo. Ndani ya nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, pazia la gome la mti huwatenga wazuru na makaburi. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Kitambaa hicho, olubugo kwa Kiganda, hutoka katika mti wa mutuba. Gome huchunwa wakati wa mvua, na shina lililobaki uchi hufunikwa kwa majani ya mgomba mpaka liote gome jipya. Hivyo mti hauuawi. Mafundi hulitwanga gome kwa nyundo za mbao zenye mifuo, wakianza na nene na kumalizia na nyembamba, ndani ya banda ili lisikauke upesi. Likianikwa juani hugeuka rangi ya udongo mwekundu. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngonge tangu zamani. Ilidhoofika pale wafanyabiashara Waarabu walipoleta pamba katika karne ya 19, na mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa hazina ya binadamu wote.

Je, yafaa kuliweka gome hilo katika mfarishi wa sikukuu? Hapo ndipo nyumba nyingine hugawanyika. Katika Buganda maiti huvingirishwa olubugo, na bibi aliyewazika ndugu zake ndani yake aweza kukataa katakata kuliona juu ya kitanda cha mjukuu. Binti naye atajibu, na si kwa uongo, kwamba Kabaka huvaa olubugo siku ya kutawazwa, na kwamba wazee wa kale walilivaa mchana na kujifunika usiku. Wote wawili wana haki. Mwenye busara humwuliza mkubwa wa nyumba kabla ya kushika mkasi, na akikatazwa, hutumia kitenge cha rangi ya udongo bila ugomvi.

Akiruhusiwa, na akate ukanda mmoja tu wa kati. Gome halikufumwa, kwa hiyo pindo zake hazifumuki, bali mishono iliyosongamana hulitoboa likapasuka. Lishonwe kwa bandi ndefu, kwa sindano nyembamba, na subana kidoleni. Tena halistahimili sabuni na kufikichwa. Bandi hukatwa, ukanda ukatolewa, ndipo mfarishi ukafuliwa.

Kwa familia za kambini pana neno jingine. Shati la sare lililochakaa huvutia mkono wa mshonaji kwa ugumu wake, lakini sheria ya Uganda humwadhibu raia anayekutwa na nguo za jeshi. Lirudishwe stoo, hata kama limebaki kola na mfuko.

Sikukuu ikipita, ukanda wa gome huviringwa juu ya kijiti badala ya kukunjwa, kwani mikunjo huukata. Askari akipata uhamisho ghafula, mfarishi hufungia vyombo visivunjike njiani, na kile kijiti hubebwa mkononi.