Hearthstone: Usawa wa Mezani na Bei ya Karata

Anayefungua Hearthstone kwa mara ya kwanza kwenye simu yake pale Ngaremara, kando ya barabara kuu ya Isiolo kwenda Moyale, huenda akadhani hana jipya la kujifunza, kwani karata si kitu kigeni. Lakini karata za kawaida ni jozi moja ya karata 52, na wachezaji wote hugawiwa humo. Katika mchezo huu, uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2014, kila mmoja huja na jozi yake ya karata 30 aliyoipanga mwenyewe. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kutenganisha: yanayotokea mezani, na yaliyotangulia meza.

Mezani, kila upande una shujaa mwenye uhai wa 30. Uhai ukiisha, ameshindwa. Karata hulipiwa kwa mana, yaani nguvu ya uchawi. Zamu ya kwanza mchezaji ana mana 1, ya pili 2, hivyo hivyo hadi 10. Hakuna anayeweza kununua mana zaidi kwa pesa.

Hata faida ya kuanza imefidiwa. Anayeanza hupewa karata 3. Mwenzake hupewa 4, pamoja na sarafu ya kumwongezea mana 1 mara moja tu.

Tuchukue zamu ya nne. Mkononi kuna Chillwind Yeti, kiumbe mwenye nguvu 4 na uhai 5, na Fireball, uchawi unaopunguza uhai kwa 6. Kila moja ni mana 4, basi itachezwa moja. Fireball ikimwua kiumbe wa mana 2, mchezaji amelipa ghali. Ikimwua wa mana 6, amepata faida. Ustadi unaanzia katika hesabu hiyo.

Sasa tutazame yanayotangulia meza. Karata zina ngazi nne za uadimu, kuanzia za kawaida hadi za kihekaya. Huja katika pakiti za karata 5, ambapo angalau moja ni ya ngazi ya pili au zaidi. Pakiti hununuliwa kwa dhahabu 100 inayochumwa kwa kucheza, au kwa pesa halisi.

Karata isiyotakiwa huvunjwa kuwa vumbi, na vumbi hutengeneza karata nyingine. Ya kawaida hutoa vumbi 5, ya ngazi ya pili 20. Pakiti dhaifu kabisa, basi, ina thamani ya vumbi 40. Karata ya kihekaya hugharimu 1,600: pakiti dhaifu 40, au dhahabu 4,000. Ikivunjwa hurudisha 400 tu, robo ya gharama.

Pia kuna mtandao. Mchezo hauchezeki bila intaneti, na zamu ina sekunde 75. Bando likikatika, saa haisimami.

Tukijumlisha, meza ina usawa ila jozi hazina. Hata hivyo, si kila kushindwa kunatokana na ufukara wa karata. Mgeni akiona mana za zamu ya pili na ya tatu zinapotea bure, kasoro iko katika mpangilio: apunguze karata za gharama kubwa ya mana, aongeze za nafuu, ambazo nyingi ni za kawaida. Pesa zisubiri mpaka aweze kutaja kwa jina karata anayoikosa na kazi atakayoipa.