Mbolea kutoka maji na jua: koperative iulize nini kabla ya kutia sahihi?

Kila mwaka mvua ikikaribia, katika mwezi wa 10 na wa 11, swali ni lile lile kwa koperative za kando ya Lubumbashi: urea itafika lini, na bei gani? Mfuko unavuka bahari ndani ya meli, kisha unapanda lori mpaka Kasumbalesa. Kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka kwetu ni karibu kilomita 2,000. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya mbolea duniani, mulimi wa mahindi ndiye alilipa.

Leo kuna mashini ndogo zinazotengeneza hidrojeni palepale shambani, na kutoka hidrojeni, mbolea. Memba wengi watauliza: "Hiyo njo nini? Na siye itatusaidia nini?"

Inafanya kazi namna gani

Maji yameungana kwa vitu viwili: hidrojeni na oksijeni. Ukipitisha umeme ndani yake, vinaachana. Hidrojeni inaunganishwa na azoti ya hewa tunayovuta, kwa joto kali na presha kubwa, na hapo inapatikana amonia. Amonia ndiyo mama wa urea. Viwanda vingi vikubwa hutoa hidrojeni yao katika gesi ya ardhini, kwa hiyo gesi ikipanda bei, mbolea nayo inapanda.

Tupige hesabu. Tani 1 ya amonia ina azoti sawa na mifuko 35 hivi ya urea ya kilo 50. Maji yanayogeuka hidrojeni ni karibu litre 1,600, yaani mapipa 8 ya litre 200. Hiyo si shida. Shida ni umeme: karibu kilowati-saa 10,000 kwa tani moja tu. Kwa delestaji tunayoijua hapa, mashini ya namna hiyo lazima iwe na pano zake za jua, au mtambo mdogo wa maji.

Wenzetu wameona nini

Nchini Kenya, mwaka 2023, kampuni ya Marekani Talus iliweka mashini katika shamba la Kenya Nut Company, karibu na Naivasha. Imeundwa kutoa tani 1 ya amonia kwa siku, kwa nguvu ya jua.

Zimbabwe ina somo lingine. Kule Kwekwe, kiwanda cha Sable Chemicals kilipasua maji kwa umeme tangu miaka ya 1970. Mwaka 2015 kazi hiyo ilisimama, kwa sababu umeme ulikuwa ghali na haukutosha. Maji yalikuwepo, ufundi ulikuwepo, lakini fakitire ya umeme ilishinda.

Simu inaingia wapi

Jua halikai sawa siku nzima. Vipimo vya elektroniki vinaangalia nguvu ya pano, presha na joto. Wingu likipita, kompyuta inapunguza kazi. Jua likirudi, inaongeza. Fundi aliye Lubumbashi anaweza kuona kwenye simu kama kuna kitu kinavuja kijijini. Lakini rezo hukatika. Mashini nzuri ni ile inayojizima yenyewe bila kungoja ujumbe wa mtu. Hidrojeni inashika moto upesi, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Amonia inaunguza macho na mapafu.

Maswali ya kuuliza mukutano mkuu

1. Nani mwenye mashini: koperative, au kampuni inayotuuzia mbolea?
2. Kilo moja ya azoti itatugharimu franga ngapi, ukiweka deni, fundi na vipuri? Tulinganishe na urea ya soko.
3. Itatoka katika hali gani? Amonia haimwagwi kwa mukono kama punje za urea. Inataka vyombo na mafunzo.
4. Kipindi cha kiangazi, wakati hatupandi, itawekwa wapi au itauzwa kwa nani?
5. Hesabu za kompyuta zitaonekana na komite yetu, au na kampuni peke yake?
6. Kikiharibika kitu, fundi anafika kwa siku ngapi?

Kama swali moja halina jibu la maandishi, musitie sahihi.

Msimu huu

Mashini hiyo haitafika kwetu kabla ya mvua hii. Soya, karanga na maharagi vinavuta azoti ya hewa kwa mizizi yao bila umeme: tubadilishane navyo na mahindi katika shamba moja. Udongo wetu mwekundu una asidi nyingi, na urea inaiongeza, kwa hiyo chokaa ya shamba inahitajika kabla ya kupanda. Urea kidogo tuliyonayo tuiweke karibu na shina, tuifunike kwa udongo, na tuigawe mara mbili. Ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake inarudi hewani, na ile pesa tumeitupa.