Kihariri Shirikishi Katika Seva Yako: Kusimika ni Kazi ya Siku Moja, Kutunza ni Kazi ya Kila Siku

Na Mwandishi Wetu

Kamati, vyama vya ushirika, shule na asasi za kiraia nyingi sasa huandaa mihtasari ya vikao, mipango kazi na taarifa kwa kuandika kwa pamoja kupitia intaneti. Watu watano walio katika wilaya tano tofauti hufungua waraka mmoja, na kila mmoja akaona papo hapo maneno yanayoongezwa na wenzake. Kazi ambayo awali ilihitaji waraka kuzungushwa kwa barua pepe, kisha ukarejea ukiwa na matoleo manne yanayopingana, leo hukamilika katika kikao kimoja.

Urahisi huo unaambatana na swali ambalo watumiaji wachache hujiuliza: waraka huo unahifadhiwa wapi, na ni nani anayeamua kama kesho utakuwepo? Makala haya yanaeleza namna taasisi au kikundi kinavyoweza kusimika kihariri shirikishi katika seva yake, kwa kutumia mfano wa programu huria ya Etherpad, pamoja na wajibu unaoambatana na uamuzi huo.

Funzo la mwaka 2009

Etherpad ilizinduliwa Novemba 2008 na kampuni ya AppJet ya Marekani. Iliwawezesha watu wengi kuandika katika ukurasa mmoja wa kivinjari na kuona mabadiliko yanapofanyika, bila kupakua programu yoyote. Desemba 2009, Google iliinunua AppJet ili kazi yake iingizwe katika mradi wa Google Wave, na watumiaji wakatangaziwa kuwa huduma waliyoizoea ingefungwa.

Malalamiko yalikuwa mengi. Siku iliyofuata kampuni iliahidi kuendeleza huduma hadi msimbo chanzo wa programu utakapowekwa hadharani, na mwezi huohuo ahadi hiyo ilitimizwa. Msimbo ulitolewa kwa leseni ya Apache 2.0, inayomruhusu mtu yeyote kuutumia, kuubadili na kuusambaza. Huduma yenyewe ilifungwa Mei 2010. Google Wave, ambako watumiaji hao walialikwa kuhamia, nayo haikudumu. Agosti 2010 ilitangazwa kuwa uendelezaji wake umesitishwa, na mwaka 2012 ikafungwa kabisa.

Kilichonusurika ni msimbo. Mwaka 2011 wataalamu wa kujitolea waliiandika upya programu hiyo kwa lugha ya JavaScript, ikiendeshwa na Node.js, na kuifanya iwe nyepesi kiasi cha kumudu seva ndogo. Toleo hilo, lililoitwa Etherpad Lite, ndilo msingi wa Etherpad inayotumika leo. Mwenye msimbo na seva hahitaji kusubiri tangazo la kampuni ya mbali ili ajue hatima ya nyaraka zake, lakini pia hana wa kumlaumu zinapopotea.

Namna kihariri kinavyofanya kazi

Mtumiaji hufungua kivinjari, huandika anwani ya seva na jina la daftari, kisha huanza kuandika. Maneno ya kila mwandishi huonekana kwa rangi yake. Kila badiliko hutumwa kwenye seva kama maelezo mafupi yanayotaja mahali, herufi zilizoongezwa na zilizofutwa.

Watu wawili wanapoandika kwa wakati mmoja, seva huyapanga mabadiliko yao kwa mfuatano na kurekebisha mahali pa kila moja. Kwa mfano, katibu anapoongeza neno mwanzoni mwa aya wakati mweka hazina anasahihisha tarakimu mwishoni mwa aya hiyohiyo, seva hulisogeza sahihisho la mweka hazina kwa idadi ya herufi alizoongeza katibu. Hivyo nakala zinazoonekana kwa wote hubaki sawa, na hakuna anayefuta kazi ya mwenzake bila kukusudia.

Mabadiliko hayo hayatupwi. Etherpad huyahifadhi yote, na mtumiaji anaweza kurudi nyuma katika mstari wa wakati ili kuona daftari lilivyokuwa jana au mwezi uliopita. Jambo hili husaidia kazi iliyofutwa kwa bahati mbaya irejeshwe. Hata hivyo, namba ya simu iliyoandikwa kwa makosa kisha ikafutwa bado inaweza kusomwa katika historia ya daftari, na hifadhidata huendelea kukua hata kama maandishi yanayoonekana ni machache.

Hatua za usimikaji

Usimikaji huanza na seva yenye mfumo endeshi wa Linux, kama vile Debian au Ubuntu. Msimamizi hufungua akaunti maalumu ya kuendeshea Etherpad isiyo na mamlaka ya juu ya mfumo, ili programu ikivamiwa, mvamizi asiimiliki seva yote. Baada ya hapo husimika toleo la Node.js linalotakiwa na kuchukua msimbo wa Etherpad kutoka hazina yake rasmi iliyopo GitHub. Wanaotumia Docker wanaweza kuchukua kasha lililoandaliwa tayari, lenye programu pamoja na mahitaji yake.

Hatua ya pili ni kuchagua hifadhidata. Etherpad huja na hifadhi rahisi ya faili moja liitwalo dirty.db, ambayo imekusudiwa majaribio tu. Kwa kazi halisi inafaa kutumia hifadhidata kamili kama MariaDB au PostgreSQL. Anayetumia MariaDB ahakikishe kuwa imepangwa kwa mfumo wa herufi wa utf8mb4, la sivyo baadhi ya alama na herufi zisizo za kawaida zitaharibika wakati wa kuhifadhiwa.

Hatua ya tatu ni kuhariri faili la mipangilio, settings.json. Humo huwekwa taarifa za kuunganisha hifadhidata, nywila ya msimamizi, na uamuzi wa iwapo mtumiaji atalazimika kujitambulisha kabla ya kuingia. Nywila ya mfano inayoonekana katika faili hilo inajulikana na kila aliyewahi kuisoma programu hii, hivyo ibadilishwe kabla ya seva kuunganishwa na intaneti.

Hatua ya nne ni ulinzi wa njia. Kwa kawaida Etherpad husikiliza katika lango namba 9001, na haifai kulifungua lango hilo moja kwa moja kwa umma. Mbele yake huwekwa programu kama Nginx, ambayo hupokea maombi ya watumiaji kwa njia iliyosimbwa, kisha huyapeleka kwa Etherpad ndani ya seva. Cheti cha usalama kinaweza kupatikana bila malipo kutoka Let's Encrypt. Vyeti vyake vimekuwa vikidumu siku 90, kwa hiyo uhuishaji wake upangwe ufanyike wenyewe. Nginx ipangwe pia kuruhusu mawasiliano ya WebSocket, kwa kuwa ndiyo njia ambayo mabadiliko hupita papo hapo kati ya seva na vivinjari.

Hatua ya mwisho ni kuisajili Etherpad kama huduma ya mfumo, ili iwake yenyewe baada ya umeme kukatika au seva kuzimwa na kuwashwa upya. Msimamizi mwenye uzoefu anaweza kukamilisha hatua hizi zote ndani ya siku moja.

Nani anaweza kusoma?

Mipangilio ya awali ya Etherpad ni ya uwazi. Yeyote anayelijua jina la daftari anaweza kulisoma na kuandika ndani yake, na yeyote anayefika kwenye seva anaweza kufungua daftari jipya. Daftari linaloitwa "bajeti" au "kikao" linaweza kukisiwa kwa urahisi na mtu asiyehusika. Taasisi inapaswa kuamua mapema iwapo itadai utambulisho kwa kila mtumiaji. Pale wasomaji wanapohitaji kuona tu bila kuhariri, wapewe kiungo cha kusoma pekee.

Wikimedia, taasisi inayosimamia Wikipedia, huendesha seva ya Etherpad kwa ajili ya wanajumuiya wake, na huwatahadharisha kuwa daftari linaweza kuharibika au kufutwa, hivyo kila mwenye taarifa muhimu atunze nakala yake mahali pengine. Kikundi kidogo kina sababu zaidi ya kuwaeleza wanachama wake jambo hilohilo siku ya kwanza.

Kwa taarifa nyeti zaidi, ipo programu huria ya CryptPad kutoka Ufaransa, ambayo husimba maandishi ndani ya kivinjari kabla hayajafika kwenye seva. Hata msimamizi wa seva hawezi kuyasoma. Gharama ya ulinzi huo ni kwamba msimamizi huyo hawezi kumrejeshea nywila mtumiaji aliyeisahau.

Utunzaji baada ya usimikaji

Jukumu la kwanza ni nakala rudufu. Hifadhidata inakiliwe kila siku, na nakala ihifadhiwe nje ya seva hiyo, kwa kuwa diski inapoharibika huangamiza vyote vilivyomo. Pamoja na hifadhidata, zinakiliwe pia faili la mipangilio na orodha ya programu-jalizi. Angalau mara moja kila robo mwaka, msimamizi ajaribu kurejesha nakala hiyo katika seva ya majaribio na kufungua daftari moja au mawili. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haina uthibitisho kwamba itafanya kazi siku ya dharura.

Jukumu la pili ni masasisho. Julai 2021, wachunguzi wa kampuni ya SonarSource walitangaza kasoro za usalama katika toleo la 1.8.13 la Etherpad. Mojawapo ilihusu sehemu ya gumzo: mvamizi angeweza kutengeneza daftari lenye maagizo yaliyofichwa, na mtumiaji aliyelifungua angejikuta kivinjari chake kikitenda kwa niaba ya mvamizi. Toleo la 1.8.14 liliziba ufa huo, lakini liliwalinda wale tu waliolisimika. Kabla ya kila sasisho, msimamizi achukue nakala rudufu na kusoma maelezo ya toleo jipya, hasa kuhusu toleo la Node.js linalohitajika. Programu-jalizi zisizotumika ziondolewe, kwa sababu kila moja ni mlango mwingine unaohitaji kulindwa.

Jukumu la tatu ni kudhibiti ukubwa wa hifadhidata. Etherpad haifuti madaftari yenyewe. Framasoft, asasi ya Ufaransa inayotoa huduma ya bure ya Framapad, ilikabili suala hili kwa kuwapa watumiaji muda wa kuchagua: daftari lisilohaririwa kwa kipindi kilichowekwa, kwa mfano siku moja, mwezi au mwaka, hufutwa. Taasisi inaweza kuweka kanuni kama hiyo, mradi watumiaji watangaziwe mapema na kupewa nafasi ya kupakua kazi zao.

Jukumu la nne linahusu watu. Seva nyingi za vikundi husimikwa na mtaalamu mmoja mwenye moyo wa kujitolea. Anapohama kituo cha kazi, nywila na anwani ya malipo ya kikoa huondoka naye, na huduma huzimika siku usajili unapokwisha. Taratibu za uendeshaji ziandikwe, na watu wasiopungua wawili wawe na uwezo wa kuingia na kurejesha huduma.

Wajibu wa kisheria

Kwa Tanzania, anayekusanya au kuhifadhi majina, namba za simu au taarifa za afya za watu wengine anafungwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kumiliki seva hakumwondolei mtu wajibu huo, bali humweka karibu nao zaidi, kwa kuwa hakuna kampuni nyingine iliyosimama katikati.

Taasisi za umma zinaongozwa pia na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Kabla ya kusimika mfumo wowote, zinapaswa kuzingatia viwango na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Aidha, daftari la mtandaoni ni mahali pa kuandalia rasimu. Muhtasari uliokwisha kuidhinishwa uhamishiwe katika utaratibu rasmi wa utunzaji wa kumbukumbu za taasisi, na usiachwe katika ukurasa ambao mtu yeyote mwenye kiungo anaweza kuubadili.

Kabla ya kuamua

Kusimika seva binafsi hakumfai kila mtu. Kikundi kisicho na mtu wa kufuatilia masasisho kila mwezi, au kisicho na mahali pa kuweka nakala nje ya seva, kitakuwa salama zaidi kwa kutumia huduma inayoendeshwa na taasisi inayoaminika, huku kikipakua nakala za kazi zake mara kwa mara. Taasisi yenye mtaalamu na bajeti, hata iwe ndogo, hupata uhuru wa kuamua nyaraka zake zikae wapi na kwa muda gani.

Mwananchi anayealikwa kuandika katika daftari la pamoja anashauriwa kumuuliza aliyemwalika maswali manne: seva inasimamiwa na nani, nani wanaweza kusoma daftari, nakala rudufu ilijaribiwa lini kwa mara ya mwisho, na daftari litafutwa lini. Pale majibu yanapokosekana, taarifa binafsi zisiandikwe humo, na kila mshiriki abaki na nakala yake ya kazi aliyoifanya.