Fedha Zitolewe, Muuzaji Abaki Hai

Kuanzia Katwe kwenye ziwa la chumvi hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, magharibi mwa Uganda, biashara nyingi bado huendeshwa kwa fedha taslimu. Wanunuzi huvuka kutoka Kongo, na wakala wa fedha za simu hana budi kuwa na noti za kutosha tangu asubuhi hadi usiku. Anayekaa nazo aghalabu ni kijana wa kuajiriwa, peke yake nyuma ya kaunta. Jambazi akimvamia tunamlaani jambazi, na ni haki yetu. Ila si jambazi aliyepanga kijana huyo abaki na mauzo ya siku nzima giza likiingia. Sehemu kubwa ya hatari ya dukani inatokana na mpango wa kazi, na mpango hubadilishwa. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2023, unamlinda mfanyakazi dhidi ya ukatili na unyanyasaji, hata akiwa njiani kwenda na kurudi kazini. Pendekezo namba 206 linaloandamana nao linataja kazi ya usiku na kazi ya upweke kuwa zenye hatari zaidi. Muuzaji wetu anazo zote mbili.

Wenye maduka watasema faida ni ndogo, mlinzi hawamwezi, na usalama ni wa polisi na jeshi. Kweli, hakuna mwenye duka ambaye angeweza kuwazuia waasi wa ADF walioua watu zaidi ya 40 katika shambulio la shule ya Lhubiriha, Mpondwe, Juni 2023. Mkataba haudai hayo. Unamtaka mwajiri afanye yaliyo ndani ya uwezo wake. Kupeleka fedha benki mchana, kufunga mapema, kutomtuma msichana na mkoba wa mauzo usiku: hayo hayahitaji mtaji. Gumu zaidi ni desturi ya kumkata mfanyakazi mshahara fedha zikiibwa. Anayejua atalipa ataking'ang'ania kisanduku cha fedha mbele ya panga. Wapo wanaohofia kwamba bila makato wafanyakazi watashirikiana na wezi. Shaka hiyo ina dawa yake: miamala ya simu huacha kumbukumbu, fedha huhesabiwa wakati wa kupokezana zamu, na mshukiwa huchunguzwa. Kumtoza kila mmoja kabla ya uchunguzi ni kumwadhibu aliyeibiwa.

Mwenye duka, mwambie muuzaji wako leo, mbele ya shahidi: wakija, wape fedha, na mshahara wako hautaguswa.